Moshi mweusi, mayai viza na injini inayogonga: ni mafuta au ni gari?

Gari la petroli likianza kutoa moshi au harufu isiyo ya kawaida, hukumu hutolewa kabla ya ushahidi. Mwenye gari anasema mafuta yamechakachuliwa. Fundi anasema sensa imekufa, leta hela. Mara nyingi wote wawili wamekosea, na kosa ni filta ya hewa iliyojaa vumbi ambayo haijaguswa tangu gari litoke bandarini.

Hapa tutafuata dalili moja baada ya nyingine, tukianza na chanzo kinachotokea sana kwenda kwenye cha nadra, na ukaguzi wa bure kabla ya ule wa kulipia. Maelezo yanalenga zaidi magari ya Kijapani yaliyotumika, maana ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu. Bodaboda zina kipande chao kuelekea mwisho.

Kinachotoka kwenye ekzosi

Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali zilizojengwa kwa kaboni na hidrojeni. Ili iungue sawasawa, kilo moja ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa, na kinachobaki ni hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Hewa ikipungua, unapata kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na masizi. Joto ndani ya silinda likipanda kupita kiasi, naitrojeni ya hewani huungana na oksijeni na kutoa oksidi za naitrojeni, zile gesi zinazochangia ukungu mchafu wa mijini.

Masega yaliyo kwenye bomba la ekzosi (kichujio cha moshi, au catalytic converter), yenye madini ya platini, paladi na rodi, husafisha sehemu kubwa sana ya sumu tatu: kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni. Lakini yana masharti: lazima yapate moto, nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na mchanganyiko wa hewa na mafuta usicheze mbali na ile 14.7. Anayelinda kiwango hicho ni sensa ya oksijeni, ambayo huiambia kompyuta ya gari ipunguze au iongeze mafuta.

Mafuta mabaya huvuruga mpango huu kwa namna tatu. Yanaweza kubadilisha kiasi cha hewa kinachohitajika, kama ethanoli (aina ya pombe) inavyofanya. Yanaweza kuungua kwa wakati usiofaa au yasiungue yote, kama petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Au yanaweza kuleta sumu inayoua sensa na masega: salfa, risasi, silikoni, manganizi. Kila namna ina dalili zake, na hizo ndizo tunazozitafuta.

Kabla ya kuilaumu sheli

Jiulize dalili ilianza lini. Tatizo la mafuta huja na tangi: ulijaza asubuhi, jioni gari likaanza vituko. Tatizo lililokuja polepole kwa miezi mitatu si la petroli ya juzi, ni la kifaa kinachochakaa au kinachoziba. Uliza pia wenzako wanaojaza kituo hichohicho. Mafuta mabaya hayachagui gari moja.

Kisha fanya vipimo viwili vya mezani. Toa petroli kidogo uiweke kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie nusu saa. Maji hukaa chini na utauona mstari. Petroli inatakiwa iwe angavu. Ikiwa na ukungu au takataka, umeshapata la kusema. Cha pili, dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe na uyaache yakauke kivulini. Petroli safi hupotea bila kuacha kitu. Doa la mafuta likibaki, kuna kitu kizito ndani yake, na mara nyingi ni mafuta ya taa au dizeli. Kipimo cha karatasi hakiwezi kumfunga mtu mahakamani, lakini kinakuonyesha uelekee wapi.

Onyo: fanya haya nje, mbali na jiko, sigara na swichi za umeme. Wala usinyonye mafuta kwa mpira na mdomo. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na petroli ikiingia kwenye mapafu hata kidogo inaweza kukulaza hospitali.

Kama una kile kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu, tazama marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim). Yakiwa kati ya -10 na +10 kwa mia, kompyuta haihangaiki. Yakiwa chini ya -10, gari linapata mafuta mengi mno na kompyuta inayapunguza. Yakipita +10, mafuta ni machache au kuna hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye injini bila kupimwa. Ufahamu tu kwamba magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya katikati ya miaka ya 2000 hayaelewani na vifaa hivi vya bei rahisi. Kifaa kisiposoma usidhani kompyuta imekufa.

Dalili: moshi mweusi na gari kula mafuta

Moshi mweusi ni masizi, yaani kaboni iliyokosa oksijeni. Ndani ya ekzosi utakuta unga mweusi mkavu unaochafua kidole.

Anza na filta ya hewa. Ifungue, ielekeze kwenye jua. Usipoona mwanga, badilisha. Ni kazi ya dakika tano. Ikiwa safi, chunguza themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto. Mafundi wetu wengi huitoa eti gari lisichemshe, na hapo injini haifikii joto lake la kazi. Kompyuta huamini bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, na moshi hauishi. Hili nimelipa nafasi ya pili kwa makusudi, kwa sababu linafanywa kila siku na hakuna anayelihusisha na moshi. Kama mshale wa joto hauinuki hata baada ya nusu saa ya kuendesha, mwulize aliyelishika gari lako mara ya mwisho.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye sensa ya oksijeni ya mbele. Sensa nzima ya aina ya kawaida hupandisha na kushusha umeme kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Ikiganda sehemu moja au ikienda kwa uvivu, imechoka. Sensa ya kupima hewa inayoingia nayo huchafuka. Kuna dawa yake maalumu ya kupuliza, na usiiguse kwa kitambaa maana waya wake ni mwembamba mno. Nozeli zinazovuja na rigyuleta ya presha ya mafuta iliyopasuka hufuata. Hizo mbili ni za fundi mwenye kipimo cha presha.

Kuna chanzo kimoja ambacho watu hujiletea wenyewe pampuni. Bomba la pampu likijikata, mwambie mhudumu aishie hapo. Ukilazimisha kujaza mpaka shingoni, petroli huingia kwenye kopo la mkaa lililowekwa kunasa mvuke wa tangi. Sehemu nyepesi za petroli huchemka hata kwenye joto la kawaida, na kopo lile kazi yake ni kushika mvuke huo ili injini iunyonye baadaye kidogo kidogo. Likilowa, injini hunywa petroli mbichi kupitia mlango ambao kompyuta haikuutarajia. Gari linanuka petroli, linasumbua kuwaka mara tu baada ya kujaza, na ekzosi inatoa weusi. Kama dalili huja kila baada ya kujaza tangi na kupotea likishuka robo, umeshapata jibu.

Mafuta yenyewe yanakuja mwisho kwenye orodha hii. Petroli yenye sehemu nzito nyingi hutoa masizi zaidi, hasa kwenye injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo sisi tumezoea kuziita D4. Mitsubishi na Toyota walizileta sokoni mwaka 1996, na Noah na RAV4 nyingi za mwanzoni mwa 2000 zinazo. Kwenye injini ya kawaida petroli hupuliziwa nyuma ya vali na hupata nafasi ya kugeuka mvuke. Kwenye D4 ina sekunde chache za elfu tu, na matone yanayogonga pistoni huungua yakiwa bado majimaji. D4 ilibuniwa kwa mafuta ya Japani. Kuinyima filta nzuri ya mafuta halafu kusema ni injini mbovu ni kuionea.

Dalili: harufu ya mayai viza

Hii ni salfa. Petroli huja na salfa kidogo tangu kwenye mafuta ghafi, na ikiungua hutoa dioksidi ya salfa. Gari likienda kwa mwendo wa kawaida, masega huishika salfa hiyo juu ya uso wake. Ukikanyaga ghafla au kupanda mlima, mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi, oksijeni inakwisha, na salfa iliyoshikwa hutoka kama gesi ya hidrojeni salfaidi. Pua zetu huinusa hata ikiwa kidogo mno.

Kwa nini gari halikunuka hivi lilikotoka? Japani na Ulaya zimeshusha salfa ya petroli hadi sehemu 10 kwa milioni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipohamia mafuta ya salfa ndogo mwaka 2015, kikomo cha dizeli kilikuwa 50 na cha petroli 150. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini gari lililobuniwa kwa 10 bado litaonja tofauti.

Harufu ikitokea mara mojamoja, kwenye mlima au baada ya kujaza kituo kipya, usinunue kitu. Maliza tangi hilo, jaza kwingine mara mbili mfululizo, kisha lipe gari safari ya nusu saa kwenye barabara kuu bila kusimama. Masega yakipata moto wa kutosha huku mchanganyiko ukibadilika, huachia sehemu kubwa ya salfa. Ni moja ya sumu chache ambazo masega huweza kupona.

Harufu isipoondoka, rudi kwenye sababu za moshi mweusi hapo juu, kwa sababu masega hayatoi gesi hiyo mfululizo bila mafuta kuzidi. Na chungulia betri. Betri inayochajiwa kupita kiasi hutoa harufu hiyohiyo, na watu wameshabadilisha vitu chini ya gari huku kosa liko juu, kwenye oltaneta inayochaji betri. Betri iliyovimba au yenye moto ukiigusa: zima gari, usichomoe waya wakati injini inanguruma, ita fundi umeme.

Dalili: injini inagonga unapopanda mlima

Ni mlio wa mikwaruzo ya chuma, kama kokoto ndani ya kopo, unaosikika gari likibeba mzigo. Petroli inajiwasha yenyewe kwa joto na mgandamizo kabla moto wa plagi haujaifikia. Uwezo wa petroli kuvumilia bila kujiwasha ndio unaoitwa oktani.

Mpangilio wa visababishi ni huu: masizi magumu juu ya pistoni, injini yenye joto kupita kiasi, plagi za namba isiyo yake, vali ya EGR iliyoziba, halafu oktani ndogo. Watu huanza na la mwisho. Anza na maji ya rejeta. Kisha plagi, linganisha namba yake na ile ya kitabu cha gari, si ile aliyokuwa nayo muuza spea. EGR hurudisha moshi kidogo ndani ya injini ili kupoza mwako, hivyo ikiziba joto hupanda, kugonga kunaanza na oksidi za naitrojeni zinaongezeka kwa pamoja.

Sasa oktani. Japani ina petroli mbili: ya kawaida isiyopungua oktani 89 na ya juu isiyopungua 96. Ndani ya kifuniko cha tangi mara nyingi kuna kibandiko cha Kijapani kinachosema gari linataka ipi. Mpe mtu anayesoma Kijapani, au programu ya simu, akutafsirie. Gari la oktani 89 halifaidiki chochote na petroli ya bei juu. Gari la 96 likipewa pungufu, sensa ya kugonga itaisikia na kompyuta itachelewesha cheche. Hutasikia mlio, lakini nguvu itapungua, moto utahamia kwenye ekzosi na masega yatachemka.

Mafuta ya taa ndiyo adui mkubwa hapa. Petroli huchemka kati ya nyuzi 30 na 210 hivi. Mafuta ya taa huanza karibu na 150 na kuendelea hadi 300 au karibu yake. Sehemu nzito haigeuki mvuke kwa wakati, inakwangua oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuiyeyusha oili iliyoko kwenye sampu, bakuli la chini ya injini. Oktani yake iko chini sana, kwa hiyo hata kiasi kidogo huishusha petroli nzima. Kwenye ekzosi utapata petroli isiyoungua kwa wingi na harufu ya koroboi. Chomoa kijiti cha oili unuse: ikinuka mafuta ya taa au petroli na imepanda juu ya alama, usiendeshe. Oili nyepesi namna hiyo hailindi tena beringi. Mwaga oili, badilisha na filta, toa mafuta yote tangini.

Uchakachuaji huu ulikuwa biashara kwa sababu ya bei. Mafuta ya taa yakiwa na kodi ndogo kuliko petroli, faida inakaa kwenye kuyachanganya. Ndiyo maana Tanzania ilipandisha kodi yake mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Hatua zote mbili zilimwumiza mama wa koroboi na jiko la mchina, lakini zilipunguza sababu ya kuchanganya. Tanzania pia ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba (alama ya kemikali) kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, hivyo mkaguzi akifika na kifaa chake anaweza kujua kama mafuta ya kituo yamechanganywa na kitu kingine.

Dalili: gari linamisi (silinda inaruka bila kuwaka) na taa ya injini inapepesa

Taa ikiwaka bila kupepesa, una muda wa kupanga. Ikipepesa, punguza mwendo, egesha na uzime. Silinda isiyowaka hutuma petroli mbichi pamoja na oksijeni moja kwa moja kwenye masega, nayo huungulia humo. Ndani ya dakika chache masega yanaweza kuyeyuka na kuziba ekzosi. Chini ya gari panaweza kuwa na moto wa kuwasha majani makavu, kwa hiyo usiegeshe porini.

Visababishi: plagi na koili (inayoipa plagi umeme) kwanza, kwa mbali kabisa. Hamisha koili ya silinda inayomisi uipeleke nyingine. Misi ikihama nayo, umempata mkosaji bila kununua kitu. Baadaye nozeli chafu, halafu maji kwenye mafuta.

Maji huingia kwa njia nyingi: tangi la chini la kituo baada ya mvua kubwa, kidumu kilichooshwa kikafungwa kibichi, kifuniko cha tangi kisichobana. Kwa petroli tupu, maji hukaa chini na gari humisi kwa vipindi. Kwa petroli yenye ethanoli kuna jambo la pili. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli tangu 1982, na dereva wa Mbeya anayevuka Kasumulu kwenda Karonga anaweza kurudi nayo. Ethanoli hunywa maji, na maji yakizidi, zote mbili hujitenga na kushuka chini kwa pamoja. Pampu inayonyonya kutoka chini inaipa injini ethanoli yenye maji, na petroli iliyobaki juu imepoteza sehemu ya oktani yake.

Ethanoli yenyewe si uchakachuaji. Ina oksijeni ndani yake na inahitaji kilo 9 tu za hewa kwa kilo, hivyo mchanganyiko wa asilimia 10 huonekana kwenye kompyuta kama ongezeko la asilimia 3 au 4 la mafuta. Gari lenye nozeli hujirekebisha lenyewe. Inapunguza kaboni monoksidi kwenye injini za kabureta, ila huongeza asetaldehaidi, gesi inayowasha macho. Ikiingia mara ya kwanza kwenye tangi kuukuu hulegeza uchafu, na filta ya mafuta huziba wiki hiyohiyo.

Petroli iliyolala pia humisi. Baadhi ya kemikali zake hushikana na oksijeni na kuwa gundi. Gari lililokaa gereji miezi sita likisubiri spea: toa mafuta ya zamani kabla ya kuliwasha.

Dalili: moshi mweupe au wa bluu

Kwa ufupi. Mvuke mweupe asubuhi unaopotea ni maji tu. Kila lita ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji ikiungua, na penye baridi kama Njombe au Limuru utauona zaidi kuliko Tanga. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, huku maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi ya silinda hedi: zima, vuta gari, usiongeze maji ukaendelea. Mweupe unaonuka koroboi, rudi kwenye mafuta ya taa. Bluu ni oili, iwe ringi za pistoni au sili za vali. Hilo si tatizo la petroli na hakuna dawa ya kumimina tangini itakayolitibu.

Dalili: msimbo wa hitilafu P0420 kwenye kompyuta, gari linakwenda vizuri tu

Kompyuta inasema masega hayasafishi inavyotakiwa. Usiyabadilishe bado. Kwanza tafuta uvujaji wa ekzosi kabla ya sensa ya nyuma. Sikiliza injini ikiwa baridi, maana tundu dogo huziba chuma kikitanuka. Kisha sensa ya nyuma yenyewe. Kisha ujue kama gari liliwahi kumisi au kula oili, kwa sababu fosforasi na zinki za kwenye oili hufunika madini ya masega. Salfa ni ya nne, na tumeshasema inavyotibiwa.

Sumu zisizotibika zinafuata. Risasi ilikuwa maarufu: ilitumika kuongeza oktani tangu miaka ya 1920, na matangi machache tu yalitosha kuharibu masega. Afrika kusini mwa Sahara ilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ikawa imeiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Leo usitarajie kuikuta pampuni.

Silikoni ni ya nadra, lakini imeshatokea kwa ukubwa. Mapema mwaka 2007, magari mengi ya kusini-mashariki mwa Uingereza yalianza kutetemeka na kukosa nguvu kwa sababu petroli ilikuwa na silikoni iliyofunika sensa za oksijeni kwa unga mweupe. Kwetu hutoka mahali pengine kabisa: gundi ya silikoni ambayo fundi ameipaka kwa wingi kwenye gasketi. Aina isiyofaa hutoa mvuke unaofika kwenye sensa. Ukichomoa sensa ukakuta weupe kama chokaa, uliza ni gundi gani ilitumika.

Chomoa na plagi uzitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Weusi mkavu ni mafuta mengi. Wekundu wa tofali ni chuma au manganizi, na hutoka kwenye viongeza oktani vya madini ambavyo baadhi ya wauzaji huweka, au kwenye kichupa ulichomimina mwenyewe. Tabaka hilo hupitisha umeme, plagi zinamisi, na masega yanaziba taratibu. Wapo pia wanaotumbukiza tangini vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza wadudu wakitafuta nguvu. Naftalini huongeza masizi, na vidonge vingi vya siku hizi si naftalini bali vina klorini, ambayo ikiungua hutoa asidi. Acheni.

Kuhusu kuyatoa masega na kuweka bomba tupu: najua yananunuliwa kwa hela nzuri, na ndiyo maana ushauri huo hutolewa haraka. Masega yaliyoziba kweli huonekana kwa kipimo cha presha ya ekzosi, kupitia tundu la sensa ya mbele. Dai kipimo hicho kabla ya msumeno.

Bodaboda na bajaji

Kabureta haina kompyuta, kwa hiyo mabadiliko ya mafuta huonekana papo hapo. Moshi mweusi: choki imekwama au filta ya sponji imelowa oili. Inapoteza nguvu na plagi ni nyeupe: jeti imeziba. Ina maji: fungua skrubu ya kumwagia chini ya kabureta, pokea kwenye kikopo. Mafuta ya chupa yanayouzwa kando ya njia yakae mwisho kabisa wa chaguo lako, maana hukaa juani, sehemu nyepesi zinapotea na pikipiki inagoma kuwaka asubuhi.

Dalili isiyosubiri: kichwa kinauma ndani ya gari

Kichwa kizito, kichefuchefu, usingizi wa ghafla kwa abiria wa nyuma, vikipungua mkishuka. Ni kaboni monoksidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Haina rangi wala harufu, na huongezeka sana injini inapopewa mafuta mengi. Simama, fungueni milango yote, shukeni. Aliyelegea apelekwe hospitali kwa gari lingine hata kama anadai amepata nafuu. Ekzosi ikaguliwe na fundi gari likiwa juu ya lifti, pamoja na mipira ya mlango wa nyuma. Kamwe usijaribu injini ndani ya gereji iliyofungwa.

Simama vilevile ukiona petroli ikidondoka, ukinusa petroli mbichi ndani ya gari, au ukilazimika kufungua mfumo wa D4. Pampu yake ya juu hubeba presha inayoweza kupenyeza mafuta ndani ya ngozi, na jeraha hilo ni la upasuaji.

Ukiwa na hakika ni mafuta

Usiyamwage kwanza. Jaza chupa safi mbili za kioo, zifunge, andika tarehe, saa na namba ya pampu. Tunza risiti ya mashine ya kodi, na kama hukupewa uidai siku ile ile. Piga picha plagi na karatasi yenye doa. Rudi kituoni uongee na meneja kabla ya mtu mwingine. Wengi hulipa kusafisha tangi wakiona ushahidi umepangwa. Asiposikia, peleka malalamiko kwa maandishi kwa mamlaka ya kudhibiti nishati, yaani EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, ukieleza gari, kiasi ulichojaza na umbali uliokwenda kabla ya dalili kuanza. Fundi wako aandike alichokikuta kabla ya kubadilisha chochote, na vifaa vya zamani uondoke navyo.